Mtu wa Pili Pangoni

Jiwe lililomuua Floyd Collins lilikuwa na uzito wa kilo 12 hivi. Fundi mwashi hunyanyua mawe mazito kuliko hilo tangu asubuhi hadi jioni. Tarehe 30 Januari 1925, Collins, mwanakijiji wa Kentucky nchini Marekani ambaye mwaka 1917 alikuwa amegundua pango la Crystal Cave, alikuwa akitoka peke yake katika pango jingine liitwalo Sand Cave. Alitambaa kichwa mbele katika mpenyo uliombana hata mikono asiweze kuikunja vizuri, na taa yake ilikuwa imeanza kufifia. Mguu wake ukaligusa jiwe, jiwe likachomoka na kumbana kifundoni. Kesho yake watu wa jirani walimkuta hai. Wakamlisha, wakamfunika, wakazungumza naye. Mwandishi wa gazeti, William Burke Miller, kijana mwenye umbo dogo, alishuka mara kadhaa mpaka usoni pake, akajaribu hata kulisukuma jiwe kwa jeki, na habari alizoziandika zikampatia tuzo ya Pulitzer. Jiwe halikutoka, kwa kuwa lilikuwa huko nyuma miguuni na kila aliyemfikia alimfikia kwa upande wa kichwa. Tarehe 4 Februari njia ikaporomoka. Shimo lililochimbwa kando yake lilimfikia tarehe 16, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunaambiwa tangu utotoni, na wengi husikia humo sifa ya wingi tu. Lakini vidole viwili vinamweza chawa kwa sababu kila kimoja kinatoka upande wake. Pale Sand Cave walikusanyika maelfu ya watu, wakiwamo wahandisi, askari, wachimba migodi na wauza vyakula, na wote walikuwa upande mmoja wa Collins. Mtu mmoja tu nyuma yake, hata asiye na nguvu nyingi, angenyoosha mkono na kuliondoa lile jiwe.

Ndiyo maana swali la usalama wa kuingia pangoni peke yako au na kundi haliishi kwa jibu la "usiende peke yako". Jibu hilo ni sahihi, nami nalishikilia. Ila halisemi huyo mtu wa pili anafanya kazi gani, anasimama wapi, anatazama nini, na lini anapaswa kunyamaza. Kazi hiyo ni ufundi kamili. Inafundishwa mkono kwa mkono, inachukua miaka kukomaa, na walioijua vizuri wanastahili heshima tunayowapa mabaharia na wajenzi wa majahazi.

Wanamapango wa nchi nyingi hupendelea kundi la watu wanne, na hesabu yake si ya kubahatisha. Mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na wawili hutoka kuita msaada. Wanatoka wawili kwa sababu mtu mwenye haraka na hofu ndiye anayepotea kwenye njia panda, ndiye anayesahau kufunga karabina, ile pete ya chuma inayomshikiza kwenye kamba, pale penye shimo. Wakiwa watatu, mjumbe hana budi kwenda peke yake. Wakiwa wawili, majeruhi huachwa gizani na nafsi yake. Kundi likizidi sana nalo lina taabu zake: kwenye kila kamba wanapita mmoja mmoja, na wa mwisho katika foleni anaweza kusubiri muda mrefu akiwa ameloa, amesimama, huku joto la mwili linamtoka kidogo kidogo. Wakubwa wa kazi hii wakipata wageni kumi huwagawa makundi mawili kabla hawajafika mlangoni.

Kutembea kwenyewe kuna adabu zake. Katika kila njia panda, aliye mbele husimama mpaka aone taa ya anayemfuata. Haendi kwa kusikia sauti tu, kwa maana sauti pangoni hutoka ilikotaka. Kila baada ya hatua kadhaa hugeuka na kutazama alikotoka, kwani njia ya kurudi huwa na sura nyingine kabisa, na tundu lililokuwa wazi mbele yako ukija linaweza kujificha nyuma ya bega la mwamba ukirudi. Wenye taratibu nzuri humpa hata mgeni zamu ya kuongoza wakati wa kurudi, mwenyeji akiwa nyuma yake kimya, ili kila mtu awe ameisoma njia kwa macho yake. Kila mmoja hubeba vyanzo vitatu vya mwanga vinavyojitegemea. Taa ya mwenzako haihesabiki kuwa yako, kwa sababu siku mtakayotengana ndiyo siku utakayoihitaji.

Kwenye kamba ufundi huu huonekana wazi zaidi. Mashimo marefu hushukwa kwa kamba moja, iliyofungwa kwenye bolti zilizopigwa katika mwamba. Anayefunga kamba haitupi tu ining'inie kutoka juu mpaka chini. Kila inapotaka kugusa ukingo wa mwamba, hupiga bolti nyingine na kuifunga upya ili ishuke ikiwa wazi hewani, maana kamba inayosuguana na jiwe huku mtu anapanda na kushuka hulika uzi baada ya uzi. Vifungo hivyo vya kati vinaigawa kamba vipande vipande, kila kipande kikijitegemea, na hapo ndipo kundi linapopata faida yake: mtu akishavuka kifungo hupiga kelele kwamba kamba ni huru, na aliye chini yake huanza kupanda. Penye maporomoko ya maji sauti haifiki, kwa hiyo hutumia filimbi. Nchini Uingereza mlio mmoja maana yake simama, miwili ni panda, mitatu ni shuka. Anayesubiri zamu hasimami chini ya shimo kumtazama mwenzake. Hujisogeza pembeni, chini ya mwamba uliojitokeza mbele, kwa sababu aliye juu, awe fundi namna gani, anaweza kuangusha kijiwe.

Napenda sana kuwatazama wanaofunga na wanaofungua. Kuingia, mbele huwa mtu mwenye mkono mwepesi na jicho la mwamba. Hugonga jiwe kwa nyundo na kusikiliza, akikataa kupiga bolti palipolia utupu. Kutoka, wadhaifu na waliochoka hutangulizwa, na nyuma hubaki mwenye nguvu kuliko wote, ambaye hufungua kila bolti, huvuta kamba na kuishindilia mfukoni. Anapanda akiwa na mfuko wa kamba zilizoloa ukining'inia chini ya kiuno chake, wakati wenzake wamekwisha kuona nyota. Kazi hiyo haina anayeitazama. Walioizoea huiomba.

Kuna jambo moja la kwenye kamba ambalo kila kundi la kweli hulifanyia mazoezi nje, mtini au kwenye ukuta, kabla ya kulihitaji ndani. Mtu akizimia huku ananing'inia katika mikanda, hali yake huweza kuwa mbaya kwa dakika chache tu, kwa kuwa miguu isiyocheza hairudishi damu ipasavyo. Hakuna muda wa kwenda kumwita yeyote. Mwenzake hupanda au kushuka mpaka alipo, hujifunga naye, huhamisha uzito wake kwenye kifaa chake mwenyewe cha kushukia, humwondoa kwenye kamba, na kushuka naye hadi chini. Aliyefundishwa hufanya hivyo bila papara, kwa mpangilio ule ule kila mara. Wasiofundishwa, wawe hata ishirini, watakuwa mashahidi tu.

Kisha kuna kuangaliana. Adui mkubwa katika mapango ya Ulaya ni baridi yenye unyevu, na baridi haimwambii mtu kwamba inamchukua. Humwambia mwenzake. Mzungumzaji akinyamaza, mcheshi akianza kukasirika, aliyekuwa akifunga karabina bila kuitazama akianza kuikosa, mtu wa pili aliye mzuri husimamisha safari. Hamuulizi kama yuko sawa, kwa maana jibu litakuwa ndiyo. Hutoa chakula na kuanza kula yeye kwanza ili mwenzake asione haya. Hali ikizidi, Wafaransa wana njia yao iliyoenea kwingi: hutandaza kamba na mifuko mitupu sakafuni ili mgonjwa asikalie jiwe, hutundika mablanketi membamba ya kung'aa kumzunguka kama hema, na ndani yake huwasha mshumaa. Mshumaa mmoja na pumzi za watu wawili huleta joto la kutosha kumtunza mtu mpaka msaada ufike. Blanketi la aina hiyo likikunjwa hutosha ndani ya helmeti, na wapo wanaolihifadhi humo kwa miaka bila kulitumia hata mara moja.

Ukitaka kuona mambo haya yote yakikutana mahali pamoja, soma habari za Riesending. Ni pango lililo ndani ya mlima Untersberg, upande wa Ujerumani, karibu na mpaka wa Austria: urefu wake ni zaidi ya kilomita 19 na kina chake ni mita 1,148. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni 2014, watu watatu waliokuwa kwenye kina cha mita 1,000 hivi, kilomita kadhaa kutoka mlangoni, walipatwa na jiwe lililoanguka. Lilimpiga kichwani Johann Westhauser, mmoja wa watafiti waliokuwa wamelichunguza pango hilo kwa miaka mingi. Helmeti ilimwokoa asife papo hapo, lakini ubongo ulikuwa umeumia.

Wenzake wawili walifanya kile ambacho hesabu ya watu watatu inaruhusu. Mmoja akabaki. Mwingine akaanza kupanda, peke yake, kamba baada ya kamba, kwa saa 12 hivi mpaka akafika nje na kutoa habari. Kwangu mimi safari hiyo ni miongoni mwa kazi safi kabisa katika ufundi huu. Alipaswa kwenda haraka bila kuharakisha. Kila alipofika kwenye kifungo cha kamba ilimlazimu kukivuka kwa uangalifu ule ule wa siku zote, ilhali anajua mwenzake amelala na jeraha la kichwa. Kwani angeteleza, wangekuwa majeruhi wawili na hakuna ambaye angejua. Na yule aliyebaki naye alikuwa na kazi yake: kumlinda na baridi, kumtazama, kungoja siku nzima na zaidi bila kujua kama habari imefika.

Kilichofuata kilihusisha watu 728 kutoka nchi tano: Ujerumani, Austria, Uswisi, Italia na Kroatia. Daktari aliyetangulia alilazimika kugeuza njiani kwa ugumu wa pango, na kugeuza huko nako nakuhesabu kuwa ni umahiri, maana daktari aliyechoka na kukwama angekuwa mzigo wa pili. Daktari mwingine ndiye aliyemfikia, tarehe 11. Ujumbe ulipitishwa kwa mtambo unaotuma maandishi kupitia mwamba. Kamba ziliongezwa, bolti zikapigwa, vituo vitano vya kulala na kupumzika vikawekwa njiani, na machela ikaanza kusogea tarehe 13. Kwenye mashimo ya wima waokoaji wa mapangoni wana mbinu inayonishangaza kila ninapoifikiria: mtu hujifunga upande wa pili wa kamba na kushuka taratibu, na uzito wa mwili wake ndio unaoipandisha machela. Westhauser alitoka tarehe 19 Juni, karibu na adhuhuri, siku ya kumi na mbili ukianzia ile alipoumia.

Mtu anaweza kuisoma habari hii na kusema, watu 728 wamemwokoa mmoja. Ni kweli. Lakini wote hao walikuja kwa sababu yupo mmoja aliyeweza kupanda mita 1,000 bila msaada wa yeyote. Hapo ndipo mabishano ya peke yako au kundi yanaponionekea kuwa yamekosa shabaha. Kundi lile lilikuwa salama kwa kadiri kila mmoja wao alivyoweza kuwa peke yake. Kundi la watu wanaomtegemea kiongozi mmoja mwenye ramani, kamba na akili ni mtu mmoja aliyebeba abiria, na siku yeye ndiye atakayeumia, hakuna kundi tena.

Kwa hiyo siwadharau wanaokwenda peke yao. Mwaka 1922 Norbert Casteret, kijana wa Ufaransa, aliingia katika pango la Montespan chini ya milima ya Pyrenees, akafika mahali dari linapoingia majini, akapiga mbizi gizani, peke yake, bila kujua kama kuna hewa upande wa pili. Ilikuwapo. Alirudi tena akiwa na mishumaa na viberiti alivyovifunga ndani ya kofia ya mpira ya kuogelea visiloe. Ujasiri ule unanitisha mpaka leo, na simshauri yeyote auige. Lakini tazama ilivyokuwa mwaka uliofuata: alikwenda na rafiki yake Henri Godin, na ni safari hiyo ndiyo iliyowapa sanamu za udongo za wanyama zilizofinyangwa na watu wa kale, ambazo zimeliweka jina la Montespan katika vitabu vya historia.

Michel Siffre naye husimuliwa kama mpweke. Julai 1962, akiwa na umri wa miaka 23, alishuka katika pango la Scarasson kwenye milima iliyo mpakani mwa Ufaransa na Italia, akakaa humo miezi miwili kwenye hema lililojengwa juu ya barafu ya chini ya ardhi, bila saa, ili ajue mwili wa binadamu unahesabuje wakati. Alipoambiwa muda umekwisha, tarehe 14 Septemba, hesabu yake ilimwonyesha ni tarehe 20 Agosti. Husahaulika kwamba mlangoni palikuwa na wenzake. Simu ilitoka hemani hadi kwao. Kila alipoamka, alipokula, alipotaka kulala, aliwapigia. Wao hawakuruhusiwa kumpigia wala kumdokezea saa. Walikaa pale juu usiku na mchana wakipokea simu za mtu aliyedhani asubuhi imefika kumbe ni usiku wa manane, na wakaziandika bila kujisaliti kwa sauti. Nimewawaza hao walinzi wa mlangoni zaidi kuliko nilivyomwaza yeye.

Upweke una hoja nzito mahali pamoja tu, nayo ni chini ya maji. Graham Balcombe, aliyeanza kupiga mbizi katika pango la Wookey Hole mwaka 1935 na kuasisi chama cha Cave Diving Group mwaka 1946, aliacha nyuma yake desturi ya Kiingereza ambayo hupingana na yote niliyoyasema. Mapango ya huko yana mipenyo ya maji yenye tope, myembamba kiasi cha mtu mmoja kupita kwa shida, na ukishapita maji yote yamekuwa kama chai. Mwenzako hawezi kukuona. Hawezi kukufikia. Aliye nyuma yako ameuziba mlango wako wa kutokea, na akipatwa na hofu atakuua bila kukusudia. Basi wao huingia mmoja mmoja, kila mtu na mitungi miwili isiyoshirikiana kwa chochote, kila mtungi na kipumulio chake, na uzi ulionyooshwa tangu mlangoni ambao mkono hauuachi.

Katika chemchemi za Florida, ambako maji ni maangavu na njia ni pana, desturi ilikuwa nyingine. Huko waliingia kwa makundi, na Sheck Exley, mzamiaji mashuhuri wa huko, alizichambua ajali moja baada ya moja mpaka akapata kanuni ambazo mwaka 1979 alizitoa katika kitabu kidogo: uzi usiokatika mpaka mlangoni, na hewa igawanywe mafungu matatu, moja la kuingia, moja la kutoka, na la tatu la dharura. Fungu hilo la tatu lina maana nzito. Mkiwa wawili, hewa ya ziada uliyoibeba ni ya mwenzako. Umeibeba safari nzima kwa ajili ya mapafu ya mtu mwingine. Wale Waingereza na hawa wa Florida hawakubishana juu ya ujasiri. Waliyasoma maji yao, wakaona mtu wa pili anaweza kusaidia wapi na wapi hawezi.

Na ni wazamiaji wa desturi hiyo ya upweke, Rick Stanton na John Volanthen, waliowakuta wale watoto 12 wa timu ya soka na kocha wao katika pango la Tham Luang nchini Thailand tarehe 2 Julai 2018, siku ya tisa tangu mafuriko yawafungie ndani. Katika kuwatoa, kila mtoto alidungwa sindano ya usingizi na daktari Richard Harris, akakabidhiwa kwa mzamiaji mmoja, mmoja tu, ambaye alimpitisha majini akimshikilia mwilini. Vituoni walisubiri wengine wa kuwapokea. Watu waliojizoeza maisha yote kuitegemea nafsi yao peke yake ndio waliofaa kukabidhiwa mtoto aliyelala.

Lazima niseme pia pale kundi linaposhindwa. Tarehe 24 Juni 1967 watu kumi waliingia Mossdale Caverns, Yorkshire. Wanne walitoka mapema. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, na mmoja wa wale wanne aliporudi mlangoni na kukuta umezama, alikimbia nyikani kutafuta msaada. Sita waliobaki walikufa, na walikuwa watu wenye ujuzi. Maji hayahesabu vichwa. Mwaka 2009 katika pango la Nutty Putty, jimbo la Utah, kijana aliyeingia na kundi la ndugu na marafiki alikwama kichwa chini katika tundu lisilopitika. Nduguye alimwona, waokoaji zaidi ya 100 wakafika, na hakuokolewa. Tundu lile walilidhania kuwa njia nyingine iliyokuwa inajulikana. Hapo aliyehitajika ni mtu wa kusema, kabla kichwa hakijaingia, tusimame tuangalie ramani.

Watu wakiwa wengi, kila mmoja huona aibu kuwa wa kwanza kuogopa. Huyu anadhani yule amekwisha kuangalia hali ya hewa. Yule anadhani mkubwa ataona mawingu. Dawa yake ni kanuni ambayo wazamiaji wa mapangoni wanaishika kwa nguvu: yeyote, hata mgeni wa siku ya kwanza, akisema turudi, wote hurudi, na haulizwi sababu. Si pale, si njiani, si nyumbani. Kundi linaloishika kanuni hii bila kununa limefika mbali kuliko lile lenye kamba mpya na taa za bei kubwa. Mara nyingi anayesema turudi hajui kwa nini anasema. Ameona kitu ambacho akili haijakipatia jina, tone lililozidi darini, povu ukutani juu ya kimo cha kichwa.

Mapango yetu mengi hayadai kamba. Wale wanaotembelea Amboni, karibu na Tanga, huongozwa na wenyeji wanaoyajua mawe ya chokaa kona kwa kona, na simulizi za njia inayotokea Mombasa huwafanya wageni wachangamke na kutaka kujipenyeza zaidi. Kule Chyulu, Kenya, liko pango la Leviathan, mfereji wa lava wenye urefu wa zaidi ya kilomita 9, ambamo mwamba una makali ya kuchana viatu na dari hudondosha mawe. Humo hakuna mto wa kukuzamisha wala shimo la mita mia, na ndiyo sababu mtu hujiona yuko nyumbani akaingia na tochi ya simu. Sheria za mwanga, za njia panda, za kugeuka kutazama ulikotoka, za kumwacha mwenye hatua fupi aamue mwendo, zinafaa huku kama kule. Kifundo cha mguu kilichoteguka kilomita mbili ndani ya giza hakijali kama pango ni la barafu au la lava.

Amebaki mwanakundi mmoja, na yeye haingii kabisa. Kabla ya safari hupewa karatasi: jina la pango, mlango watakaoutumia, majina ya wanaoingia, gari lililoachwa mahali fulani, saa wanayotarajia kutoka, na saa nyingine, ya baadaye kidogo, ambayo ikipita bila habari ataita waokoaji. Saa hiyo ya pili ndiyo inayopangwa kwa ufundi. Ikiwa karibu mno, atawaamsha watu kwa sababu kundi lilisimama kula. Ikiwa mbali mno, aliyeumia atakuwa amekaa na baridi usiku kucha bila sababu. Wazoefu hulihesabu pango lenyewe, kamba zake, mwendo wa aendaye polepole kuliko wote, kisha huongeza muda wa ajali ndogo ya kawaida. Huyo mlinzi anatakiwa awe mtu asiyeona haya kupiga simu saa nane za usiku na asiyeshawishika kungoja dakika thelathini nyingine. Huko Yorkshire simu hiyo huwafikia polisi, na polisi huwaita watu kama wa Cave Rescue Organisation, kikosi cha kujitolea kilichopo tangu mwaka 1935, ambao wengi wao ni wanamapango wenyewe na asubuhi wana kazi zao za kwenda. Kwa hiyo kundi linapotoka, mmoja wao hutangulia kwenda mahali penye mtandao na kumwarifu, huku wengine bado wanahangaika na mabuti yaliyojaa maji.